Msuguano Uliohamishwa: Wenzo wa Mtetemo, Uthabiti wa Sauti na Gitaa la Umeme katika Muziki wa Dansi wa Iringa

Utangulizi

Wenzo wa mtetemo ni fimbo fupi ya chuma inayochomekwa kwenye daraja la gitaa la umeme. Mpigaji anapousukuma, nyuzi zote hulegea kwa pamoja na sauti hushuka. Anapouachia, springi hulivuta daraja mahali pake na sauti hupanda tena. Tangu kifaa hiki kilipobuniwa, mafundi wamesumbuliwa na swali moja: je, sauti hurudi pale pale ilipokuwa? Katika maandishi mengi jibu hutolewa kwa mpangilio wa nyakati. Mitambo mikongwe ya miaka ya 1950 haikurudi vizuri. Mitambo ya kisasa iliyofuata baada ya 1979 inarudi. Historia inakuwa ngazi, na kila kizazi cha mafundi kinapanda kidato kimoja.

Makala haya yanaipima ngazi hiyo kwa kuiweka Iringa. Mji huu wa Nyanda za Juu Kusini una mambo mawili yanayoufaa uchunguzi. La kwanza ni TANCUT Almasi Orchestra, bendi ya kiwanda cha umma cha kuchonga almasi, ambayo katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 iliufanya mji wa Iringa usikike nchi nzima, hasa kwa sauti za ndugu mapacha waliotoka Zaire, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. La pili ni ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe, ambayo ilikuwa na jibu lake kuhusu uthabiti wa sauti muda mrefu kabla gitaa la umeme halijafika. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba uthabiti si sifa inayokaa ndani ya mtambo peke yake. Unategemea pia nyuzi zinazopatikana, zana zilizomo mkobani, hewa ya mahali na namna muziki wenyewe unavyopigwa. Mtambo ulio bora California unaweza kuwa mzigo Iringa, na sababu zake zinaweza kuelezwa kwa usahihi.

Neno moja la istilahi linahitaji ufafanuzi. Leo Fender alikiita kifaa chake tremolo, jina ambalo katika nadharia ya muziki hutaja kuongezeka na kupungua kwa ukubwa wa sauti. Kinachobadilishwa na wenzo si ukubwa bali kiwango, yaani wembamba na unene wa sauti. Kosa hilo lilienea duniani kote, na kampuni hiyo hiyo ikalikamilisha kwa kuita vibrato kile kifaa cha ndani ya vikuza-sauti vyake kilichobadilisha ukubwa. Kiswahili hakina sababu ya kurithi mkanganyiko huo. Katika makala haya kifaa kinaitwa wenzo wa mtetemo, na kazi ya kuweka nyuzi katika viwango vyake, ambayo wanamuziki huiita kutyuni, inaitwa kupatanisha.

Uzi mmoja wa ligombo

Hugh Tracey aliporekodi muziki wa Wahehe mwaka 1950, ligombo lilikuwa miongoni mwa ala alizozinasa. Ni ubao uliochongwa ukaingia ndani kama hori, na jamaa zake ni pamoja na inanga ya Rwanda na Burundi. Muundo wa jamii hii ya ala una jambo linalomhusu moja kwa moja mchunguzi wa gitaa. Nyuzi zinazoonekana juu ya hori kwa kawaida ni uzi mmoja mrefu, unaopita katika pengo la ncha moja, ukavutwa hadi ncha ya pili, ukazungushwa na kurudi, hata ubao ukajaa. Hakuna vigingi vya kuzungusha. Anayetaka kupandisha kipande kimoja huuvuta uzi kupitia mapengo, na mvutano anaouongeza hapa huenda umetoka kwa kipande cha jirani.

Kinachokifanya kila kipande kishike sauti yake ni msuguano. Uzi unapokunjwa kwenye pengo la ubao hung'ang'ania; bila kung'ang'ania huko mvutano ungegawanyika sawa kote na ala nzima ingetoa sauti zisizotofautiana ipasavyo. Kadiri uzi unavyokunjwa kwa pembe kali zaidi ndivyo unavyoshikwa zaidi. Hii ni kanuni ile ile inayomwezesha baharia kulizuia jahazi kwa kuzungusha kamba mara mbili tatu kwenye nguzo ya gati.

Kwa mpigaji wa ligombo, basi, msuguano ni msaidizi. Kwa mpigaji wa gitaa lenye wenzo, msuguano ndio adui mkuu. Kizingiti cha shingo ya gitaa, yaani kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji sita, hufanya kazi ile ile ya pengo la ubao. Wenzo unaposukumwa, uzi hulegea na sehemu yake ndogo huteleza kupita kizingitini. Wenzo unapoachiwa, uzi unapaswa kuteleza kurudi kwa kiasi kile kile. Usiporudi wote, upande wa vigingi unabaki na mvutano tofauti na upande wa daraja, na sauti hutua juu au chini ya ilipoanzia. Tofauti kati ya ala hizi mbili ni kwamba ligombo halimtaki uzi wake usafiri katikati ya wimbo. Gitaa lenye wenzo linautaka usafiri na urudi nyumbani kila mara, bila kuchelewa.

Safari ya msuguano, 1930 hadi 1979

Historia ya wenzo ilianza na malalamiko kuhusu kupatana. Kifaa cha Doc Kauffman kilichoitwa Vibrola kilifungwa kwenye magitaa ya Marekani katika miaka ya 1930. Mpigaji Merle Travis alikuwa nacho, na kwa kuwa hakikurudisha nyuzi mahali pake, alimpelekea fundi Paul Bigsby akitafuta tiba. Bigsby alibuni mtambo wake mwenyewe: nyuzi hufungwa kwenye mhimili unaozunguka, na springi moja fupi huukabili mvutano wao. Ulikuwa mtambo imara na mzuri kwa macho. Hata hivyo daraja lilibaki peke yake mbele ya mhimili huo, na nyuzi zililazimika kusugua juu yake kila wenzo uliposukumwa. Palikuwa na vituo viwili vya msuguano, daraja na kizingiti.

Stratocaster ya Fender ya mwaka 1954 ilifuta kimoja. Daraja na kishikio cha nyuzi vilifanywa kitu kimoja, bamba la chuma linaloinama juu ya skrubu sita, huku pande la chuma likining'inia ndani ya mwili wa gitaa na kuvutwa na springi zisizozidi tano. Uzi na daraja vinakwenda pamoja, hivyo kusuguana kwao kunapungua sana. Hataza ya ubunifu huo ilitolewa mwaka 1956. Hapa inafaa kukumbushana kwamba mtambo unaoitwa leo mkongwe ulikuwa, siku ulipotoka, jibu la kisasa kwa kasoro ya uliotangulia. Neno kisasa, ambalo katika historia ya muziki wa Tanzania limebeba mambo mengi tangu dansi lilipoanza kutofautishwa na ngoma, ni kipimo dhaifu kwa fundi. Linataja tarehe, na halitaji kazi.

Kizingiti kilibaki. Tena kichwa cha Stratocaster hakikuinamishwa nyuma, kwa hiyo nyuzi nyembamba zilihitaji kibanio kidogo cha kuzikandamiza ili zisiruke mferejini, na kibanio hicho kikaongeza kituo kingine cha msuguano. Pia skrubu sita zisipokuwa katika kimo kimoja, bamba hupata zaidi ya mahali pamoja pa kutua. Haya ndiyo matatizo aliyoyakabili Floyd Rose. Katika mtambo wake, uliopata hataza Oktoba 1979, uzi hubanwa kwa skrubu kizingitini na hubanwa tena darajani. Hauna njia ya kuteleza. Skrubu sita za egemeo zikawa mbili, na bamba likakaa juu yake kwa makali kama ya kisu. Kwa kuwa vigingi havifanyi kazi tena baada ya kizingiti kubanwa, ilibidi baadaye viongezwe vidude vidogo vya kurekebishia sauti kwenye daraja lenyewe.

Ukipimwa kwa kipimo chake mwenyewe, yaani kusukuma wenzo kwa nguvu mara mia na kurudi palipopatana, mtambo wa Rose unaushinda ule wa 1954 bila ubishi. Lakini msuguano haukutoweka. Ulihamishwa kutoka kizingitini hadi kwenye makali mawili, ambayo yakichakaa hayana dawa ila kubadilishwa. Na kitu kingine kilihamishwa pamoja nao, ambacho wanahistoria wa gitaa hukitaja kwa haraka: muda wa mpigaji. Kubadilisha uzi mmoja kulihitaji sasa alenki, plaizi ya kukatia kipete cha mwisho wa uzi, na mzunguko wa kupatanisha nyuzi zote sita zaidi ya mara moja.

Uzi unapokatika saa saba usiku

Mwaka 1979, hataza hiyo ilipotolewa, ndio mwaka vita vya Kagera vilipokwisha. Kwa Tanzania miaka iliyofuata ilikuwa ya ukame wa fedha za kigeni. Mwaka 1983 ulifanyika msako wa wahujumu uchumi. Mwaka 1984 wenye fedha zao nje waliruhusiwa kuagiza bidhaa. Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Nyuzi za gitaa, kama sabuni na matairi, zilikuwa bidhaa za kutoka nje. Mtambo mpya ulienea duniani katika muongo ule ule ambao kuupata, na zaidi ya kuupata kuutunza, kulikuwa kugumu kabisa nchini.

Umiliki nao una nafasi yake. Bendi nyingi kubwa za wakati huo zilikuwa za taasisi: NUTA na warithi wake, Polisi, Vijana, Urafiki ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya shirika la bima, na TANCUT Almasi ya Iringa. Kwa kawaida vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki aliyehama bendi, na walihama sana, aliliacha gitaa. Katika mazingira hayo chombo kinachohitaji kuzoewa na mtu mmoja kwa miezi, chenye springi zilizosawazishwa kwa unene wa nyuzi anazozipenda yeye, kina hasara ambayo haionekani kwenye karatasi ya kiwandani.

Hasara hiyo inaeleweka vizuri zaidi kwa kufuata kinachotokea uzi unapokatika. Seti ya nyuzi nyembamba za gitaa la umeme huvuta kwa jumla ya takribani kilo 45. Katika mtambo unaoelea, iwe wa 1954 uliorekebishwa kuelea au wa Rose, nguvu hiyo inakabiliwa na springi, na daraja linasimama pale nguvu mbili zinapolingana. Uzi mmoja ukikatika, springi zinashinda, daraja linavutwa nyuma, na nyuzi tano zilizobaki hupanda kiasi ambacho sikio lolote hutambua. Gitaa zima linakuwa limeharibika katika mpigo mmoja. Kwenye daraja lisilotembea, uzi ukikatika hupotea wenyewe tu. Tano zinabaki zilipokuwa na mpigaji anaweza kuumaliza wimbo.

Katika dansi la Tanzania wimbo hauishi upesi. Baada ya beti huja sehemu ya kuchangamsha, ambapo gitaa la solo, la kati na la ridhimu husokotana juu ya besi kwa dakika nyingi, kila moja likirudia mchoro wake huku wachezaji wakiwa uwanjani. Gitaa moja likitoka nje ya mapatano, msokoto wote unafumuka. Zaidi ya hayo, katika rekodi za mtindo huu kushushwa kwa sauti kwa wenzo husikika kwa nadra. Uzuri unatafutwa katika noti fupi, safi, zinazopishana. Mpigaji wa aina hii alikuwa akilipa gharama zote za mtambo unaoelea kwa ajili ya kazi ambayo muziki wake haukuihitaji.

Mtindo huu ulikua kwa kuzungumza na Kongo, na huko nako kuna desturi inayothibitisha jambo hilo kwa njia nyingine. Katika mpangilio ujulikanao kama mi-composé, uzi wa nne wa gitaa huondolewa na mahali pake huwekwa uzi mwembamba uliopandishwa oktavo moja. Kwenye daraja lisilotembea hiyo ni kazi ya dakika chache. Kwenye daraja linaloelea, mabadiliko ya mvutano wa uzi mmoja yanadai springi zisawazishwe upya na nyuzi zote zipatanishwe tena. Mitambo ya kisasa ilichukulia kwamba nyuzi za gitaa ni zile sita zilizopangwa kiwandani.

Ufumbuzi rahisi ulikuwapo tangu zamani, na ulikuwa ndani ya mtambo mkongwe wenyewe. Ukiongeza springi hadi tano na kukaza skrubu mbili zinazozishikilia, bamba hukandamizwa juu ya mwili wa gitaa lisiinuke. Kipande cha mbao kikishindiliwa nyuma ya pande la chuma, daraja halitembei tena. Eric Clapton, aliyekuwa na uwezo wa kununua mtambo wowote duniani, alifanya hivyo kwa magitaa yake. Fender yenyewe iliuza Stratocaster zisizo na wenzo tangu miaka ya 1950. Mtambo wa Rose unaweza pia kuzuiwa kwa mbao, lakini kubanwa kwa kizingiti na haja ya alenki vinabaki.

Baridi ya Iringa, joto la Dar es Salaam

Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai hapo ni wa makoti. Rekodi za redio zilifanywa Dar es Salaam, takribani kilomita 500 kwa barabara, baada ya kuteremka mlima Kitonga na kuingia katika joto na unyevu wa pwani. Katika studio za Redio Tanzania bendi kwa kawaida ilipiga yote kwa pamoja, na gitaa lililopotoka katikati ya wimbo halikuweza kuondolewa baadaye peke yake.

Hesabu ya kawaida ya unyumbufu wa chuma inaonyesha ukubwa wa tatizo. Uzi wa kwanza wenye kipenyo cha robo milimita ukipata joto nyuzi 10 za selsiasi zaidi, hurefuka kiasi cha kushusha sauti yake kwa takribani sehemu moja ya kumi ya nusu-toni, hata baada ya kutoa kule kurefuka kidogo kwa mbao. Kiasi hicho ni karibu mitetemo miwili kwa sekunde kwa noti ya uzi huo ukiwa wazi. Mtu anayepiga peke yake huenda asikitambue. Magitaa mawili yakipiga noti hiyo kwa pamoja, moja likiwa limepoa karibu na mlango na jingine limepata moto wa mikono na taa, patasikika mawimbi mawili kila sekunde. Nyuzi hazishuki kwa kiasi sawa pia, kwa kuwa zile zilizovutwa kidogo kulingana na uwezo wake huathirika zaidi.

Hapa mtambo unaoelea una sifa ambayo haki inadai itajwe. Joto linapozilegeza nyuzi zote kwa pamoja, springi hulivuta daraja nyuma kidogo na kumeza sehemu ya badiliko hilo. Daraja lililozuiwa kwa mbao halina huruma hiyo. Kwa hiyo mpigaji aliyelizuia daraja lake alichagua, akijua au asijue kanuni zake, kupatanisha mara nyingi zaidi kati ya nyimbo ili asiumbuke ndani ya wimbo. Uchaguzi huo unaendana na kazi ya bendi. Kati ya nyimbo kuna nafasi. Katikati ya sehemu ya kuchangamsha hakuna.

Ushahidi ulio ndani ya mwili wa gitaa

Jambo hili lina uzito kwa watafiti wa leo kwa sababu mbili. Kwanza, kanda za redio zinapohamishiwa kwenye kompyuta, magitaa yasiyopatana husikika, na msikilizaji wa haraka huyaandikia uzembe au umaskini wa vyombo. Kabla ya hukumu hiyo panapaswa kuulizwa kama gitaa moja limepotoka peke yake au yote yameshuka pamoja. Yakiwa yameshuka pamoja na waimbaji na tarumbeta nao, kinachoshukiwa ni mwendo wa kanda. Likiwa gitaa moja, panapaswa kusikilizwa kama nyuzi zake zote zimepanda kwa ghafla, ambayo ni dalili ya daraja linaloelea na uzi uliokatika, au kama ni uzi mmoja tu unaoteremka polepole.

Pili, magitaa yenyewe. Chombo cha zamani kinapoingia katika soko la wakusanyaji hurejeshwa katika hali yake ya kiwandani: kabari ya mbao hutolewa, springi mbili hupunguzwa, wenzo mpya hununuliwa na kuchomekwa. Kwa mkusanyaji hilo ni ukarabati. Kwa mwanahistoria wa muziki wa dansi ni sawa na kufuta maandishi ya pembezoni mwa hati. Gitaa lililopoteza wenzo wake na kubaki na springi tano zilizokazwa halipaswi kuorodheshwa kuwa pungufu, kwa maana hiyo ndiyo hali lililopigiwa.

Ushahidi wa namna hiyo hauhitaji maabara. Tundu la kuchomekea wenzo lina nyuzi za skrubu ndani yake. Pale wenzo ulipotumika, nyuzi hizo hulika na wenzo hucheza. Makali ya bamba yaliyokaa juu ya skrubu huonyesha kama yalikwaruzwa kwa kuinama mara nyingi au yalitulia mahali pamoja. Mifereji ya kizingiti ikiwa imepanuliwa kwa mkono, upana wake unasema nyuzi zipi zilikaa humo, na mfereji wa nne uliotengenezwa mwembamba kuliko ilivyotarajiwa ni alama ya kuangaliwa kwa makini. Skrubu za daraja zilizoota kutu ya jasho la kiganja, huku nyuzi za tundu la wenzo lile lile zikiwa bado kali kama zilivyotoka kiwandani, zinaeleza jinsi gitaa hilo lilivyopigwa.